Geuza karatasi kwanza

Watu wakisikia kwamba nasoma mahubiri ya karne ya 18, hudhani mbele yangu yapo majitabu yenye majalada ya ngozi. Kumbe mengi ya Jonathan Edwards, mchungaji wa Kiprotestanti wa karne hiyo, yanaenea kiganjani: karatasi iliyokunjwa, ikakatwa, ikashonwa uzi katikati. Yamesalia kama 1,200, na mengi yamo katika maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Edwards alirithi mimbari ya babu yake, Solomon Stoddard, mwaka 1729, huko Northampton, Massachusetts, enzi za ukoloni wa Waingereza. Alihubiri kwa mpangilio wa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka kanisa litakaswe: andiko, kisha fundisho lililobanwa katika sentensi moja, kisha matumizi, pale anapomgeukia msikilizaji na kumwuliza, je, na wewe? Bila kuujua mpangilio huo utapotea, maana mwandiko wake ni mbaya. Herufi ni kama sisimizi, maneno yamekatwa, na wino umekuwa wa kahawia.

Alibana hivyo kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, na yeye hakuchoka kuandika. Basi hakutupa kitu. Alitumia barua alizoletewa, na hata mabaki ya karatasi za vipepeo vya kujipepea, ambavyo mkewe Sarah na mabinti zao walivitengeneza ili kuviuza.

Mimi hupenda zaidi vikaratasi vya maombi. Waumini wa Northampton walimpelekea mchungaji ujumbe mfupi ili waombewe kanisani: huyu anaumwa, yule amejifungua salama, mwingine amefiwa. Ibada ikiisha, karatasi ilikuwa na upande mmoja mtupu, na Edwards akaandikia huko. Ndiyo maana maneno ya watu hao wa kawaida yametufikia. Anayenakili hubiri peke yake amesoma nusu ya karatasi, tena pengine nusu iliyo rahisi.

Kuna karatasi nyingine isiyopendeza. Mwaka 1731 Edwards alinunua huko Newport, Rhode Island, msichana mtumwa wa miaka kama 14 aliyeitwa Venus, kwa pauni 80. Hati ya mauzo ipo. Sioni haki kuyasifu mahubiri na kuiruka hati hiyo.

Kuanzia miaka ya 1740 vijitabu vinabadilika. Zamani aliandika karibu kila neno. Sasa ni vidokezo tu. Msomaji mgeni hudhani kurasa zimepotea, au mzee alianza uvivu. Sivyo. George Whitefield, mhubiri kutoka Uingereza aliyehubiri bila kusoma kwenye karatasi, alipita Northampton mwaka 1740, na wengi wetu tunaona mkono wake hapo. Hubiri lake maarufu la wenye dhambi mikononi mwa Mungu aliyekasirika, alilolitoa katika mji wa Enfield tarehe 8 Julai 1741, Edwards alikuwa ameshalihubiri nyumbani kabla. Hakuona haya kuhubiri tena lilelile.

Washarika walimwondoa mwaka 1750. Akaenda Stockbridge, akawahubiria Wamohikani, wenyeji asilia wa huko, kupitia mkalimani wao, John Wauwaumpequunnaunt. Mahubiri ya huko ni mafupi, sentensi nyepesi, mifano ya kuonekana kwa macho. Ukurasa unaonyesha tu alichokusudia Edwards. Yale ambayo mkalimani aliwaambia wenzake kwa lugha yao hayakuandikwa upande wowote.