Je, wajua bakteria husaidiaje kutenganisha dawa pacha?

Tembe ya kichocho, prazikwanteli ya miligramu 600, ina molekuli za aina mbili nusu kwa nusu. Miligramu 300 huua minyoo. Zilizobaki ni za pacha wake, mwenye umbo lilelile lakini limegeuzwa kama sura kwenye kioo. Pacha huyu hawadhuru minyoo sana, ila uchungu mdomoni huongeza. Wote wawili wana uzito mmoja na huyeyuka kwenye joto moja. Kemia ya kawaida haiwezi kuwatofautisha.

Ukisikia bakteria wanahusika, ni rahisi kudhani kwamba wao ndio wanaochambua, wakila pacha mmoja na kumwacha mwingine. Vimeng'enya vya namna hiyo vipo, lakini hapa sivyo: bakteria na dawa hawakutani hata mara moja. Wanachotoa ni selulosi, mnyororo mrefu wa glukosi unaojazwa baadaye kwenye bomba la kutenganishia dawa. Wala selulosi hiyo si chujio. Chujio lingefanya nini na pacha wenye ukubwa uleule? Tena selulosi ghafi ni dhaifu kwa kazi hii. Makali huja pale kila glukosi kwenye mnyororo inapovishwa vikundi vitatu vya kabamati (vipande vya kemikali vinavyoning'inizwa kwenye mnyororo), mbinu iliyokuzwa na mwanakemia Yoshio Okamoto na wenzake huko Japani miaka ya 1980.

Glukosi nayo ina pacha wa kioo, lakini zote za selulosi ni za upande mmoja tu, hivyo mnyororo mzima hujisokota na kuacha mifereji ya upande huo. Fikiria ukumbi mrefu uliojaa viatu vya mguu wa kulia tu. Mguu wa kulia huvaa, huvua, huvaa tena, na huchelewa kufika mlangoni. Wa kushoto hujaribu, hukwama vidole, huendelea na safari. Tofauti ya kila jaribio ni ndogo mno, ila ndani ya kolamu, yaani bomba hilo, ya sentimita 25 majaribio hayana idadi, na pacha hutoka kwa zamu. Prazikwanteli yenyewe imewahi kutenganishwa hivi, kwa selulosi triasetati, yaani selulosi iliyovishwa asetati badala ya kabamati.

Mfumaji wa selulosi hiyo ni Komagataeibacter xylinus, wa ukoo wa bakteria wa siki. Huwekwa kwenye mchuzi wenye gramu 20 za glukosi kwa lita, nyuzijoto 30, bila kutikiswa. Ukitikisa, bakteria waasi wasiofuma selulosi huzidi. Kasoro yake ni kugeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki. Ndiyo maana wahandisi hung'oa jeni ya kimeng'enya kinachofanya hivyo, na selulosi huongezeka. Faida ni usafi: haina lignini wala hemiselulosi, vitu vinavyoandamana na selulosi kwenye mbao. Mnyororo wenyewe ni uleule wa pamba, kwa hiyo usitarajie utenganishaji wa aina mpya.

Utando wa selulosi uliofumwa huoshwa kwa magadi makali ya moto, kisha hukaushwa kabisa, maana isosayaneti, kemikali inayoivisha selulosi kabamati, ikikuta maji huishia kuwa urea. Kabamati iliyopatikana huyeyushwa katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani na kupakwa juu ya chembe za silika, takriban asilimia 20 ya uzito. Baadaye mtu akipitisha kiyeyushi hichohicho kwenye kolamu, kabamati yote huoshwa ikatoka, na kolamu ya bei ghali hubaki silika tupu.