Chungwa la kijani, embe jekundu: tunavyodanganywa na rangi

Februari na Machi, joto likiwa limekaza Kisumu na mvua ya masika ikingojewa, matunda mengi ya boma huharibikia mikononi mwetu wenyewe. Tunachuma kwa kutazama rangi, na kwa kuamini maneno kama haya.

"Chungwa la kijani bado ni bichi."

Si lazima, hasa kwa watu wa kando ya ziwa. Kinachofuta ukijani wa ganda ni usiku wa baridi, wala si utamu wa ndani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake haupoi vya kutosha. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, huipata baridi hiyo. Kwa hiyo chungwa la Kisumu laweza kuwa limejaa maji na utamu, na ganda bado ni la kijani. Chungwa aina ya Valencia linaweza hata kugeuka rangi ya machungwa kisha likarudia ukijani likichelewa mtini. Halafu chungwa halina wanga wa akiba wa kugeuka sukari: ukilichuma mapema, halitaongeza utamu hata likikaa mezani wiki nzima. Chuma moja, likate, uonje. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho.

"Avokado liache mtini mpaka lilainike."

Utangoja mpaka lianguke. Avokado hukomaa mtini, lakini hulainika baada ya kuchumwa. Chuma moja kubwa uliweke jikoni. Likilainika kwa siku 5 hadi 10 bila kunyauka, mengine ya ukubwa huo yako tayari. Likijikunja na kuwa gumu kama mpira, yaliyobaki yaache kwanza. Unapolikata, angalia pia ngozi ya kokwa: ikiwa nene na nyeupe, tunda ni changa, ikiwa nyembamba, kavu na ya kahawia, limekomaa. Avokado aina ya Hass huwa jeusi likiiva, aina ya Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo usingoje rangi kwa Fuerte. Liachie kikonyo kifupi, maana kikichomoka uozo huingilia hapo.

Paipai lina tabia nyingine. Wanga wake ni kidogo sana, hivyo likichumwa kijani kitupu litalainika tu bila kuongeza utamu. Subiri mchirizi wa njano.

"Embe jekundu ndilo lililoiva."

Wekundu wa embe aina ya Tommy Atkins huletwa na jua, na huonekana hata tunda likiwa changa. Tazama mabega: yakijaa na kuinuka kupita kikonyo, na nyama iliyo karibu na kokwa ikianza kuwa njano, chuma. Likate na kikonyo chake, ulipindue utomvu udondoke chini. Utomvu huo huunguza ganda, na mtoto anayelimenya kwa meno bila kuliosha anaweza kutokwa na vipele mdomoni.

Baada ya hapo livumbike. Tafadhali, usitumie kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda, hata ukiambiwa kila mtu sokoni anaitumia. Ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini inayoiga ethilini, gesi ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Lakini kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, na hizo ni sumu. Ndizi mbivu mbili ndani ya sanduku la karatasi pamoja na maembe zitafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu nazo hutoa ethilini.

"Yaliyoanguka yaache, yatakuwa mbolea."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalomaliza maembe ya msimu ujao. Funza hawazaliki wenyewe ndani ya embe. Nzi wa matunda hutoboa ganda na kutaga mayai. Funza hula nyama, kisha huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Nzi mkali kuliko wote, Bactrocera dorsalis, aliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Kila embe linalooza chini ya mti linaongeza kizazi kingine.

Okota yaliyoanguka kila siku. Yafukie kwenye shimo, yafunikwe na udongo wa nusu mita au zaidi, au yafunge ndani ya mfuko mzito wa plastiki uukalishe juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Ng'ombe na nguruwe pia wanaweza kuyala. Ongea na jirani mfanye pamoja, maana nzi wa mwembe wake watavuka ua.