Paka kanuna, lakini kanunia nini?

Binti wa shangazi yangu alipoolewa akahamia Wete, Pemba, paka wake dume alibaki Mji Mkongwe. Wiki ya pili akaacha kula, akahamia chini ya kitanda cha samadari. "Mwanangu, huyu anamlilia mwenyewe," akasema shangazi. Jirani akasema kapigwa kijicho. Mimi nikamtupia kipande cha kibua nikakaa kumtazama. Alikitia mdomoni, akakitema, akajikuna shavu kwa mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo, jino la nyuma limeoza na ufizi umevimba. Lilipong'olewa, siku ya tatu alikamatwa jikoni akidokoa.

Dhana ya kwanza basi ndiyo hiyo: mnyama akinyamaza ana huzuni. Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Kujificha, kususa chakula, kukojoa pasipo mahala pake, mara nyingi ni meno, figo au kibofu. Na dume anayechuchumaa akijikamua mkojo usitoke, huyo hangojwi mpaka asubuhi. Njia imeziba, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Vilevile aliyekaa siku mbili tatu bila kula, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta. Wewe unamwambia "pole, utazoea", naye anakwisha.

Wengine wanakwenda upande wa pili: wanyama hawana huzuni, hayo mambo ya Wazungu. Si kweli. Aliyewahi kuona kasuku wa tunduni akijinyonyoa mpaka kifua kikawa kama cha kuku aliyechinjwa Darajani hatosema hivyo. Wala aliyekuwa na mbwa usiku wa fataki za Mapinduzi. Madaktari wanapenda zaidi kuiita hofu au wasiwasi kuliko sonona, yaani huzuni iliyokuwa maradhi, maana mnyama hawezi kuulizwa anajionaje. Lakini tiba ipo. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha fluoksetini, dawa ileile ya sonona ya watu, kwa mbwa wanaohangaika wakiachwa peke yao, na ikaidhinishwa iende pamoja na mafunzo, si peke yake. Kwa paka pia madaktari huiandika.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana inayonitia hofu kuliko zote: kama dawa ni moja, si nimpe nusu ya kidonge changu? Paka wa kilo 4 hupewa kiasi cha miligramu 2 hadi 4 kwa siku. Kidonge cha mtu mara nyingi ni cha miligramu 20. Hiyo nusu yako ni mara mbili na nusu hadi mara tano ya haki yake, hata kabla hujajua kama anaihitaji. Na panadoli, ambayo kila droo ya Unguja inayo, kwa paka ni sumu. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya matope. Kidonge kimoja kinaweza kumaliza kazi.

Eti akimeza leo kesho atachangamka? Fluoksetini huchukua wiki nne hadi sita kuonesha kazi yake, na siku za mwanzo hamu ya kula huweza kupungua. Ukiona imefaa usiikatize ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Na paka anayepepesuka baada ya dawa hajatulia, huenda kipimo kimekosewa, mrudishe kwa daktari. Wakati huohuo mpe pahala pa juu pa kupanda, sanduku la mchanga safi, na saa za kula zisizobadilika.

Shangazi mpaka leo anashikilia kuwa jino lenyewe lilioza kwa majonzi. Binti alipokuja Idi, paka alimpita mlangoni, akaenda kunusa kapu la samaki.