Je, wajua kwa nini utangulizi mrefu wa wimbo humfanya mtu aimbe kabla ya wakati?

Miaka kadhaa iliyopita, katika harusi ya jamaa, nilikabidhiwa kipaza sauti niongoze wimbo wa taarabu ambao nilikuwa nimeusikia tangu utotoni. Fidla zilipanda na kushuka, mpiga ngoma akafunga mzunguko kwa mapigo ya haraka, nami nikavuta pumzi na kulitoa neno la kwanza kwa kujiamini kabisa. Hakuna chombo kilichonifuata, kwa sababu wanamuziki ndio kwanza walikuwa wanaanza kuurudia utangulizi kwa mara ya pili. Shangazi yangu, ambaye hakuujua wimbo ule hata ubeti mmoja, alikuwa ameketi karibu yangu na hakukosea popote: alinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa muda mrefu baada ya siku ile niliamini kwamba mtu anayeingia mapema ama haujui wimbo ama hana sikio la muziki. Maelezo hayo yanakubalika haraka kwa kuwa yanamwadhibu mkosaji, lakini hayalingani na kinachotokea. Asiyeujua wimbo hana la kuimba, kwa hiyo hawezi kuwahi wala kuchelewa. Asiye na sikio la muziki angetarajiwa kuingia popote, katikati ya sentensi ya fidla au kati ya pigo na pigo. Sikiliza kwa makini watu wanaokosea namna hii, na utagundua kwamba karibu kila mara huingia mahali ambapo sauti ingeweza kuingia: mwanzoni mwa kifungu, juu ya pigo linalofaa, kwa kasi ya wimbo wenyewe, na mara nyingi hata kwa mwinuko wa sauti uleule. Mahali ni sahihi. Kilichokosewa ni kwamba mahali hapo hupita mara tatu au nne kabla ya mwimbaji kufika, nao wameshika nafasi ya kwanza au ya pili. Kwa maneno mengine, hili ni kosa la mtu anayejua, na linahitaji ujuzi kiasi fulani ili litendeke.

Niliposahihisha dhana hiyo niliangukia nyingine, kwamba tatizo ni saa ya ndani ya mwili, yaani kwamba kumbukumbu yetu ya muda ni dhaifu na hivyo dakika moja ya vyombo hutuonekea kama nusu dakika. Hapa pia ushahidi ulinipinga. Mwaka 1996, Daniel Levitin na Perry Cook walichapisha utafiti ambapo watu wa kawaida waliombwa waimbe kutoka kichwani nyimbo wanazozipenda, bila kusikilizishwa chochote kwanza. Katika asilimia 72 ya majaribio, kasi yao ilikuwa ndani ya asilimia 8 ya kasi ya rekodi halisi. Ni kweli kwamba utafiti huo ulipima kasi tu, si urefu wa utangulizi, na pia kwamba nyimbo zilizotumika walizichagua wenyewe. Hata hivyo, unatosha kuondoa wazo kwamba vichwa vyetu havina kipimo cha muda katika muziki. Kipimo kipo, tena kizuri, isipokuwa kinapima hatua na si safari.

Njia iliyonisaidia kulielewa jambo hili ni kulitazama kupitia shairi. Mtu aliyezoea mashairi ya Kiswahili ya mizani 16 hahesabu silabi kwa vidole. Mizani 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, zinapokamilika, sikio lake hukitaka kina cha kati, na utao, nusu ya pili, unapokamilika hukitaka kina cha mwisho. Malenga akipunguza mizani moja, msikilizaji hukunja uso kabla hajajua kwa nini. Mishororo mitatu ikishapita, anasubiri kituo, mshororo unaofunga ubeti. Muziki wa nyimbo nao umepangwa hivyo: mapigo hukusanywa manne manne, makundi hayo hukusanywa tena manne manne au manane manane, na kila mkusanyiko mkubwa unapofika mwisho, mpiga ngoma huufunga kwa mapigo machache ya haraka, kazi ileile inayofanywa na kina. Mapigo hayo kwa kawaida ndiyo ishara kwamba jambo jipya linaanza, na katika nyimbo nyingi tulizokua nazo jambo jipya hilo ni sauti ya mwimbaji. Utangulizi mrefu ni kama malenga anayeghani ubeti mzima kwa kuvuma tu, vina vyote vikiwa mahali pake, akifika kwenye kituo akaanza ubeti mwingine wa kuvuma. Kila kituo ni mlango, na msikilizaji mwenye adabu ya shairi hujikuta tayari ameshika komeo.

Inabaki kueleza kwa nini hatukumbuki mlango sahihi ni wa ngapi. Chukua abiria wa daladala anayepita njia ileile kila siku. Anajua kwa mwili wake namna gari linavyopunguza mwendo kwenye tuta, na hujishika kwenye kiti kabla halijafika. Ukimuuliza kati ya nyumbani na kazini kuna matuta mangapi, atakisia. Matuta yote yanafanana, kwa hiyo kila moja humkumbusha tuta, bila kumkumbusha tuta la saba. Kama kituo chake kipo baada ya tuta la saba na hakuna mwembe, duka wala msikiti wa kukitambulisha, siku moja atagonga bodi kwenye la sita. Utangulizi unaorudia kifungu kilekile ni barabara ya matuta isiyo na mwembe.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni «Papa Was a Rollin' Stone» ya kundi la The Temptations, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Motown mwaka 1972. Gitaa la besi linarudia kifungu kifupi kilekile juu ya sauti ya msingi isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, huku gitaa, tarumbeta, fidla na makofi vikiingia na kutoka kwa zamu. Katika toleo la albamu, sauti ya kwanza husikika baada ya karibu dakika 4. Katika toleo fupi la santuri ya redio, baada ya karibu dakika 2. Hivyo aliyekariri toleo moja hupotoshwa na jingine, na hapo hata kuhesabu matuta kwa uaminifu hakumsaidii.

«Shine On You Crazy Diamond» ya bendi ya Pink Floyd, ya mwaka 1975, inatega mtego wake kwa namna nyingine. Mwimbaji anaanza baada ya zaidi ya dakika 8 na nusu, lakini utangulizi wake haurudii kitu kimoja. Unafungua mlango baada ya mlango: kwanza kinanda na gitaa la taratibu, halafu, karibu na dakika ya 4, gitaa linapiga noti nne peke yake, kisha ngoma zinaingia kwa kishindo, kisha kinanda tena, kisha gitaa tena. Kila badiliko linasikika kana kwamba lilikuwa likimsubiri mwimbaji. Mtu mwenye subira ya kawaida huponzwa na ngoma. Mwenye subira kubwa huponzwa na kinanda.

Kuna jambo moja zaidi, ingawa hapa naongeza tahadhari. Mwaka 2005, watafiti wa chuo cha Dartmouth walioongozwa na David Kraemer waliwasikilizisha watu nyimbo huku wakiwa wamekata vipande vya sekunde chache na kuacha kimya. Wimbo ulipokuwa unajulikana, sehemu ya ubongo inayoshughulikia usikivu iliendelea kufanya kazi ndani ya kimya hicho zaidi kuliko wimbo ulipokuwa mgeni, na washiriki walisema waliusikia ukiendelea. Mapengo hayo yalikuwa katikati ya nyimbo, si mwanzoni, kwa hiyo si ushahidi wa moja kwa moja. Lakini inaelekea kwamba sauti ya mwimbaji huanza kusikika kichwani kabla hajafungua kinywa, na mtu aliyekwisha kuvuta pumzi ana kazi ngumu ya kuirudisha.

Huenda pia mazoea yanabadilika. Hubert Léveillé Gauvin alipochunguza nyimbo zilizoingia kumi bora nchini Marekani kati ya mwaka 1986 na 2015, aliona wastani wa utangulizi ukishuka kutoka zaidi ya sekunde 20 hadi takriban sekunde 5. Aliyelelewa na sekunde 5 akiwekewa dakika 4 za besi, sijui tumtake subira gani. Rumba ya Kongo, kwa upande wake, iliukwepa mtego huu mapema kwa kuziweka sehemu ndefu za magitaa mwishoni, kwenye sebene, ambako watu wanacheza na hakuna anayesubiri ubeti.

Taarabu ya Unguja haikufuata njia hiyo, kwa kuwa ilijifunza mengi kutoka Misri, ambako utangulizi wa vyombo ulikuwa sehemu ya heshima ya wimbo. Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa huko, ambaye matamasha yake yalirushwa na Redio Cairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, alikuwa akiketi kwenye kiti jukwaani wakati okestra inapiga, kisha akisimama anapokaribia kuimba. Waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuhesabu chochote; walitazama kiti. Waliokuwa kwenye redio walikuwa na makofi tu, yaliyolipuka bibi alipoinuka. Tatizo ni kwamba ukumbi uleule ulilipuka pia kila vyombo vilipoufurahisha, kabla bibi hajatikisika kitini.