Suti kavu katika maji ya Tanga: jifunze kutoa hewa kwanza

Mwezi wa Machi, kaskazi inapokaribia kukatika, maji ya Raskazone hufika nyuzi 29 au 30 za Selsiasi. Hata Julai na Agosti, kusi ikiwa imekaza, hayashuki sana chini ya nyuzi 25. Ndiyo maana kila tunapotundika suti kavu, vazi la mbizi lisiloingiza maji, kivulini kwa ajili ya mafunzo, wazee wa pwani huuliza: hawa wanaogopa baridi gani? Swali lao ni la haki. Anayepiga mbizi kutazama matumbawe ya Tanga hana haja ya suti kavu.

Wanaoihitaji ni wengine. Kuna kijana anayetafuta kazi ya mbizi ughaibuni, kwenye Bahari ya Kaskazini ambayo wakati wa baridi hushuka chini ya nyuzi 10, au kwenye Bahari ya Atlantiki upande wa Cape Town. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo huko mtu asiyejikinga hupoteza kwanza nguvu za vidole, halafu akili ya kuamua. Kuna pia fundi wa bandarini, anayezama kwenye maji yenye mafuta na uchafu usiofaa kugusa ngozi. Na sasa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa hapa Chongoleani. Mitambo ya chini ya maji haijikagui yenyewe.

Suti kavu huzuia maji yasiingie kabisa. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono ina mpira unaobana, zipu yake haipitishi maji, na ndani mtu huvaa nguo nzito. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kwenye nguo hiyo. Wazo lenyewe ni la zamani: vazi zito la mbizi lenye kofia ya shaba, lililofungwa mwili mzima, lilitengenezwa na Augustus Siebe huko Uingereza katika miaka ya 1830.

Sasa hewa hiyo ndiyo rafiki, na ndiyo hatari. Ukiingia na lita 10 za hewa ndani ya suti, kwenye kina cha mita 10 zinabaki 5, na kwenye mita 30 zinabaki 2 na nusu. Suti inakukamata mwili mzima, mikunjo inafinya ngozi hadi kuacha alama nyekundu. Unabonyeza vali ya kifuani, hewa kidogo kutoka kwenye mtungi inaingia, unapumua vizuri. Mwanafunzi hulijua hilo siku ya kwanza. Tatizo lipo wakati wa kupanda. Hewa uliyoongeza chini inatanuka, na mita 10 za mwisho ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hapo ujazo wake unakuwa mara mbili. Asiyeitoa mapema hurushwa juu kama boya lililokatika kamba, na kupanda kwa kasi hivyo kunaweza kupasua mapafu au kuleta ugonjwa wa mgandamizo, yaani gesi iliyoyeyuka mwilini kugeuka mapovu.

Kwa hiyo mimi humfundisha mwanafunzi kutoa hewa kabla ya kumfundisha kuingiza. Vali ya kutolea mara nyingi iko juu ya mkono wa kushoto. Hewa hukimbilia palipo juu, basi bega la kushoto lazima liwe juu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, na vali iwe imefunguliwa kabla hujaanza kupanda. Kasi isizidi mita 9 kwa dakika, kisha tulia dakika 3 kwenye mita 5.

Nilipojifunza mimi, kwenye maji ya baridi mbali na nyumbani, hewa ilinikimbilia miguuni. Miguu ikapaa, kichwa kikabaki chini, na vali ikawa haina kazi. Nilipiga mapezi kwa nguvu nikidhani nitajinyoosha, kumbe nilikuwa najisukuma vibaya zaidi. Dawa yake ni kukunja magoti hadi kifuani, kujiviringisha mpaka kichwa kirudi juu, halafu kutoa hewa papo hapo. Tunairudia zoezi hilo kwenye mita 5 au 6 mpaka mwili ulifanye bila kuuliza. Vivyo hivyo kuchomoa bomba la mpira linaloleta hewa kwenye vali ya kifuani, maana vali ya kuingizia ikikwama wazi hutapata muda wa kufikiri.

Hapa Tanga kuna hatari nyingine ambayo wanaojifunzia kwenye nchi za baridi huifikiria kidogo: joto la nchi kavu. Mtu aliyevaa suti kavu juani, na nguo nzito ndani, hana njia ya kupoa. Nimeona kijana mwenye afya akianza kuyumba kabla hata boti haijang'oa nanga. Sisi huandaa mitungi, mikanda ya uzito yenye vipande vya madini ya risasi na mpango mzima kwanza, kisha tunavaa kivulini, zipu ikiwa jambo la mwisho. Na kunywa maji. Wengi hujizuia wakiogopa haja ndogo, lakini mwili uliokauka si mwili wa kupeleka chini.

Vijana huniuliza kama suti kavu itawawezesha kumfikia silikanti, samaki ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga inabeba jina lake. Haiwezi. Mpaka wa mbizi za kawaida ni mita 40, naye huishi chini zaidi ya hapo. Suti huongeza joto, haiongezi kina.

Mkirudi pwani, isuuzeni suti kwa maji yasiyo na chumvi na kuianika kivulini, kwa sababu jua letu hula mpira haraka. Kabla ya kila safari vuta mpira wa shingoni taratibu. Mpira huo ukibana sana mshipa wa shingo, moyo hupunguza mapigo na mtu anaweza kuzimia; mpira unaobana hivyo hupunguzwa na fundi kwa mkasi. Ukiona nyufa ndogo ndogo, siku hiyo huzami.