Mvinyo wa mlimani: tunavyoambiana mezani, na ilivyo kweli

"Kadiri shamba lilivyo juu, ndivyo mvinyo unavyokuwa bora." Nahudumia vinywaji kwenye kumbi za harusi hapa Mbeya, na kauli hii naisikia kila mara chupa ya mvinyo mweupe ikifika mezani ikiwa na picha ya mlima. Ingekuwa kweli, Makete yetu ya milimani ingekuwa inauza mvinyo dunia nzima.

Morgex na La Salle ni vijiji vya kaskazini mwa Italia, chini ya mlima Mont Blanc. Mizabibu yao iko kati ya mita 900 na 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na inahesabiwa miongoni mwa iliyo juu kabisa Ulaya. Sasa angalia Dodoma: nayo iko zaidi ya mita 1,100. Mzabibu wa Dodoma umesimama juu sawa na ule wa milima ya Alps, na hakuna anayeuita wa mlimani. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, ila wenzetu wanaanza kuhesabu kwenye joto la Ulaya, sisi kwenye joto la karibu na ikweta. Kule Argentina, mkoa wa Salta, kuna shamba la Colomé lililo mita 3,111, na mizabibu inazaa.

Anachokifuata mkulima huko juu ni usiku wa baridi. Zabibu ikiwa bado mtini inapumua, na kukiwa na joto kali inaimaliza asidi yake ya maliki, ile ile inayolipa tufaa la Njombe ukali wake. Mchana jua linajenga sukari, usiku baridi inailinda asidi. Mvinyo mweupe usio na asidi hiyo hupooza mdomoni, na wa mapovu ndio unaoihitaji zaidi.

"Basi tupande Tukuyu, baridi tunayo." Hili naulizwa na watu makini, na natamani lingekuwa jepesi. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifiki 700. Majani ya mzabibu yasipokauka, ubwiri, ugonjwa wa kuvu, unaingia, kwanza kwenye majani kisha kwenye vichala, na mkulima anabaki kupulizia dawa. Ukikimbilia juu zaidi, Makete au Kitulo, sakitu ya Juni na Julai inaunguza machipukizi. Tena huku kwetu mzabibu haulali wenyewe kama Ulaya wakati wa theluji. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogolea, na ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mtu akiniomba ushauri wa mahali pa kujaribu miche michache, ningemwelekeza upande mkavu wa Iringa, kuelekea Isimani, kabla ya kumpeleka kwenye ukungu wa Rungwe.

Kuhusu miche, wakulima wa parachichi watalipenda hili. Karibu mizabibu yote ya Ulaya imebebeshwa juu ya mizizi ya aina nyingine, kwa sababu mdudu wa mizizi aitwaye filoksera aliteketeza mashamba katika karne ya 19. Morgex mdudu huyo hakuweza kustawi, hivyo zabibu yao nyeupe, Prié Blanc, bado inasimama kwenye mizizi yake yenyewe. Wanaitandaza kwenye vichanja vifupi karibu na ardhi ili ipate joto la udongo usiku.

"Mapovu yanatiwa kiwandani kama soda." Kwa chupa za bei rahisi, mara nyingi ni kweli. Lakini aliyekulia Iringa au Njombe anaijua njia ya asili tangu utotoni. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hutega mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata upya na kukusanya. Utomvu huo ndio ulanzi. Ulanzi wa siku hiyo ni mtamu, tunauita mtogwa. Ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali. Shangazi aliwahi kunipa dumu la lita tano la mtogwa nije nalo Mbeya, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote. Tulipofika Makambako dumu lilikuwa limevimba pande zote na haliwezi kusimama. Nilipolegeza kifuniko, povu lilifoka mpaka kwenye kiti cha mbele. Hakuna aliyetia gesi mle. Chachu ilikula sukari, ikatoa pombe na hewa ukaa, na hewa ukaa ikakosa pa kutokea.

Mvinyo wa mapovu uliotengenezwa kwa njia ya chupa ni jambo hilo hilo, ila limepimwa. Mvinyo mweupe uliokwisha kuchachuka unatiwa gramu 24 hivi za sukari kwa lita pamoja na chachu, chupa inafungwa, na ndani yake mgandamizo unafika kama mara tatu ya tairi la gari. Mashapo yanateremshwa polepole hadi shingoni, shingo inagandishwa, chupa inafunguliwa na donge lote linaruka nje.

Kuita kila chupa ya namna hii shampeni ni kosa: jina hilo ni la jimbo la Champagne, Ufaransa, na linalindwa kisheria. Hata mtawa Dom Pérignon, anayesifiwa kwa kuvumbua mapovu, alihangaika kuyazuia. Mwaka 1662 Christopher Merret, daktari Mwingereza, alikwisha kueleza mjini London jinsi sukari inavyoupa mvinyo mapovu.

Rangi nayo inadanganya. Mvinyo mweupe unaweza kutoka kwenye zabibu nyeusi, maana juisi yake haina rangi. Rangi iko kwenye ganda.

"Extra Dry ndiyo kali kuliko zote." Hapana. Maneno hayo ya kwenye lebo yanataja sukari, hayahusu kilevi. Brut ina chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ina 12 hadi 17, kwa hiyo Extra Dry ni tamu kuliko Brut. Na wanaosema mapovu ni soda ya akina mama wapige hesabu: chupa moja ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 12 inazidi bia tatu na nusu za nusu lita zenye asilimia 5. Dada zetu wanaorudi na bodaboda usiku wanastahili kuambiwa hivyo mapema.

Lililobaki ni la usalama. Usiiache chupa kwenye friza, inaweza kupasuka. Ndoo ya maji na barafu inatosha. Na usiitikise. Mwaka jana kijana mmoja alitikisa chupa ukumbini, kizibo kikampata mama juu kidogo ya jicho, akashonwa. Hapa Mbeya hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo povu lina pupa kidogo zaidi. Weka dole gumba juu ya kizibo, fungua waya, inamisha chupa upande usio na watu, shika kizibo kisizunguke, kisha zungusha chupa yenyewe taratibu mpaka usikie pumzi ikitoka.