Nailoni na jiko la mkaa: maswali ya watu wa nyanda za juu

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yaani nailoni au rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Barabarani rambo zimepungua, asiyeona hilo ni mbishi tu. Jikoni bado zipo. Ndiyo maana maswali mengi ya Mbeya, Njombe na Iringa yanahusu moto na chakula kuliko faini.

Swali: Juni na Julai baridi ni kali na mkaa unakuwa na unyevu. Kipande kidogo cha nailoni kinawasha jiko mara moja. Kina ubaya gani?

Kinao, na kwetu ubaya huo ni mkubwa kuliko kule joto, kwa sababu jiko letu halibaki uani. Linawashwa nje, linaingizwa ndani, mlango unafungwa na watoto wanalizunguka kuota moto. Nailoni haiungui ikaisha kama karatasi. Inayeyuka, inanata kwenye mkaa, na inaendelea kufuka wakati wewe unadhani imekwisha. Moshi wake una masizi laini yanayopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu anabanwa, kichanga anakohoa usiku kucha.

Tena aliyezoea kuwashia plastiki hachagui. Leo mfuko, kesho kipande cha bomba au ganda la waya wa umeme. Hivi viwili vya mwisho kwa kawaida vina klorini, na vikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka na inayohusishwa na saratani.

Msitoke hapa mkidhani kwamba jiko lisilo na nailoni ni salama chumbani. Mkaa wenyewe hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu wawili watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu, msikimbilie kusema ni malaria. Tokeni nje wote, kisha nendeni kituo cha afya. Na jiko lisilale ndani na watu, hata likibaki majivu yenye makaa machache.

Cha kuwashia hakikosekani kwetu: magunzi makavu ya mahindi, au vibanzi vya paini kwa mafundi seremala. Vibanzi vya nguzo zilizotiwa dawa viacheni hukohuko, navyo vina sumu yake.

Swali: Tone la nailoni inayowaka limemdondokea mtoto mguuni na kuganda. Nilibandue?

Hapana, ngozi itatoka nalo. Weka mguu kwenye maji safi yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida na siyo barafu, kwa dakika 20. Mwili uliobaki ufunike blanketi, maana kwa baridi ya Makete mtoto mdogo anapoa haraka. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta wala unga, hata bibi akisisitiza. Kisha mpeleke hospitali na plastiki yake palepale ilipo.

Swali: Mimi ni mama lishe. Wali naufunika kwa nailoni ndipo naweka mfuniko, mvuke usitoke. Wateja hawajawahi kulalamika.

Hawatalalamika, mama, kwa sababu madhara yake si ya kuharisha kesho yake. Mfuko wa kubebea haukutengenezwa kwa ajili ya joto. Chakula cha moto, hasa chenye mafuta, huchukua viambata na rangi kutoka kwenye plastiki, na mifuko myeusi mara nyingi hutokana na plastiki iliyorejelezwa ambayo hujui mwanzo ilibeba nini. Mlo mmoja haumuui mtu. Tunamwaza fundi anayekula kwako kila mchana mwaka mzima, na wewe mwenyewe unayeonja kila sufuria.

Jani la mgomba linafanya kazi ileile, na migomba Tukuyu imejaa. Lioshe, lipitishe motoni lilainike, funika. Anayetaka maharage au supu ya kuondoka nayo aje na chombo chake. Chipsi nazo zisifungwe kwenye gazeti, wino wake si chakula.

Swali: Kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji amenimiminia nyanya kwenye nailoni nyepesi inayoonyesha ndani. Anasema hicho ni kifungashio, hakijakatazwa. Ni kweli?

Si kweli, naye anajua anachokifanya. Kifungashio kinachoruhusiwa ni kile ambacho bidhaa imefungiwa na mzalishaji, kama mkate au maziwa. Kikichomolewa kitupu chini ya meza na kutumika kubebea nyanya, kimekuwa mfuko, na katazo haliangalii unene. Mbebaji naye hatoki salama: faini ni kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Plastiki za kufungashia dawa hospitalini, za kilimo na za kuhifadhia taka zimeachwa nje ya katazo, kwa hiyo msimgombeze mwenye kitalu.

Swali: Plastiki inaleta kipindupindu?

Kipindupindu kinaletwa na vimelea vya kwenye kinyesi. Nailoni inaziba mtaro, mvua ikishuka maji yanapitia vyooni na kuingia visimani. Na ule mfuko uliotuamisha maji nyuma ya nyumba unafuga mbu wa dengue.

Swali: Kikapu na mfuko wa kitambaa si vinabeba uchafu?

Vinabeba, usipovifua. Nyama na samaki viwe na mfuko wake peke yake, ufuliwe kwa sabuni kila unaporudi sokoni na uanikwe juani. Kikapu cha milulu cha Iringa kifute kwa kitambaa chenye unyevu, ukikaushe vizuri kisiote ukungu.

Ile mifuko mbadala laini ya madukani, inayofanana na kitambaa, ndiyo inayowachanganya wengi. Inaruhusiwa ikikidhi viwango vya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, lakini mingi imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo ni plastiki. Ikichanika huwa inaangukia mikononi mwa mwasha jiko, kwa kuwa inaonekana kama tambara. Ishone uendelee nayo, au ijaze udongo uoteshee mche wa parachichi.